Friza iliingia nyumbani bila mwalimu

Wahenga walituachia methali mbili juu ya samaki ambazo hapana mwanafunzi asiyezijua. Ya kwanza yasema samaki mkunje angali mbichi. Ya pili yasema samaki mmoja akioza wote wameoza. Nimezifundisha methali hizo kwa miaka mingi. Nimezieleza kwa mifano ya malezi na ya marafiki wabaya, na nimesahihisha insha zisizo na idadi zilizojengwa juu yake. Haikunipitikia hata siku moja kwamba huenda wahenga hao, kabla ya kutuonya juu ya watoto na marafiki, walikuwa wakizungumza kwanza juu ya samaki mwenyewe. Ilinibidi nifikwe na masaibu nyumbani kwangu Makupa ndipo nikaipata maana hiyo iliyo karibu kuliko zote, nami naieleza leo bila kujificha, kwa kuwa kosa lilikuwa langu na huenda likawa la msomaji pia.

Ilikuwa mwezi wa Machi mwaka 2024, siku za mwisho za Shaabani. Kila mkaazi wa Mombasa ajua kuwa Ramadhani ikiingia samaki hupanda bei. Nami, kwa kujiona mjanja, niliazimia kununua mapema na kuweka akiba. Nilifika soko la samaki la Mji wa Kale, jirani na Bandari ya Kale, saa 3 za asubuhi. Muuzaji ninayefahamiana naye alinionyesha jodari mnene. “Huyu ni wa alfajiri ya leo, Mwalimu,” akaniambia, wala hakusema uongo. Macho ya samaki yule yalikuwa angavu, matamvua yake, au mashavu kama wavuvi wasemavyo, yalikuwa mekundu, na nyama yake ilirudi mahali pake nilipoibonyeza kwa kidole. Nilinunua kilo 12, zikakatwa vipande na kutiwa kapuni. Aliniuliza kama ningependa kuongeza barafu. Nilimjibu kuwa Makupa si mbali.

Ni kweli kwamba Makupa si mbali. Kwa tuktuk safari hiyo haitimii nusu saa, barabara ikiwa wazi. Lakini mtu mwenye pesa mfukoni na Ramadhani mlangoni hapiti mjini moja kwa moja. Niliingia Marikiti kutafuta bizari na tende. Nikafika Barabara ya Biashara kwa ajili ya leso aliyoniagiza mke wangu. Adhana ya adhuhuri ikanikuta huko, nikaswali, kisha rafiki akanivuta barazani kwake tukanywa kahawa na kuzungumza habari za ulimwengu. Kapu lilikuwa kivulini, nami nikajiridhisha kwamba kivuli chatosha. Nilipobisha hodi kwangu ilikuwa saa 9 za alasiri. Tulivirundika vipande vyote katika friza yetu ndogo ya lita 100, tukafunga mlango, tukamshukuru Mungu kwa riziki.

Wiki mbili baadaye shangazi yangu alikuja kufuturu pamoja na mjukuu wake. Jodari alipikwa mchuzi wa nazi, akaiva vizuri, wala hapakuwa na harufu mbaya iliyotutahadharisha. Kabla ya saa moja kupita, uso wa shangazi ulimwaka moto, vipele vikamtoka shingoni na kifuani, kichwa kikamgonga na moyo ukamwenda mbio. Kijana naye akaanza kutapika. Mimi mwenyewe nilihisi ulimi ukiwasha kama niliyelamba pilipili. Tulikimbilia kwa daktari. Baada ya kutupima, swali lake la kwanza lilikuwa juu ya aina ya samaki, na la pili lilinifunga kinywa. “Mwalimu,” aliniuliza, “samaki huyu mlimnunua saa ngapi, na mlimtia kwenye baridi saa ngapi?”

Tulitibiwa kwa dawa za mzio, na kufikia wakati wa daku sote tulikuwa na nafuu. Shangazi hakunilaumu. Alisema neno moja tu, nalo limebaki nami hadi leo: “Zamani, mwanangu, samaki alikuwa halali nyumbani.”

Nilichojifunza kwa daktari yule, na baadaye katika vitabu, ni hiki. Jodari, nguru, vibua na samaki wengine wa jamii yao wana wingi wa kitu kiitwacho histidini katika nyama yao. Samaki akishakufa na kuachwa katika joto, bakteria waliomo katika matamvua, matumbo na ngozi yake huigeuza histidini hiyo kuwa histamini. Histamini ndiyo ileile ambayo mwili wa mtu mwenye mzio huitoa, na ndiyo maana mgonjwa hudhani kwamba samaki hawampatani kumbe ni sumu iliyotengenezwa kapuni. Jambo la kuogofya ni kwamba histamini ikishafanyika haiondoki. Moto wa jiko hauivunji, na baridi ya friza haiivunji. Pengine samaki hanuki wala habadiliki rangi. Mpishi hodari na friza ya bei ghali, wote wawili, humletea mlaji sumu ileile iliyoingia mlangoni.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu ya leo. Wengi wetu tumeifanya friza kuwa hospitali ya samaki. Samaki akianza kulegea husemwa, “Mtie kwenye friza asiharibike.” Akishinda juani kutwa, husemwa vivyo hivyo. Friza haitibu. Kazi yake ni kusimamisha saa, na saa husimama pale ilipofika. Samaki aliyeingia akiwa mzima atatoka akiwa mzima, na aliyeingia akiwa nusu ameharibika atatoka nusu ameharibika, kisha ataendelea kuanzia hapo. Hata bakteria wenyewe, baridi huwalaza tu. Wengi wao huamka samaki anapoyeyuka. Kwa hiyo usalama wa samaki wa friza huamuliwa kabla ya mlango kufungwa, katika zile saa za njiani ambazo mimi nilizitumia kunywa kahawa.

Tujiulize basi kwa nini mji uliokula samaki kwa karne nyingi uwe na watu wasiolijua jambo hili. Jawabu, kwa maoni yangu, liko katika maneno ya shangazi. Wazee wetu walikuwa na elimu kamili ya kuhifadhi samaki, ila ilikuwa elimu ya chumvi, jua, moshi na mafuta. Walijua kumpasua papa na kumtia chumvi hadi awe ng'onda. Majahazi ya kaskazi yalileta papa mkavu kutoka Uarabuni na pwani ya Usomali, na hakuna aliyeugua kwa kukosa barafu. Mama karanga, wanawake wetu wanaokaanga samaki na kuwauza jioni, wanajua hadi leo ni samaki yupi wa kukaangwa kwanza na yupi aweza kungoja kidogo. Elimu hiyo ilipita kutoka kwa mama hadi kwa binti, jikoni, kwa kutazama na kukosolewa. Asiyekuwa nayo alinunua samaki wa siku moja, akampika siku hiyo hiyo, mambo yakaisha.

Friza ilipofika ilitukuta hatuna desturi yake. Ililetwa na lori, ikashushwa mlangoni, na fundi akaonyesha mahali pa kuchomeka waya. Bibi hakuwa na la kumfundisha mjukuu kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kuiona. Kijitabu kilichokuja nayo kiliandikwa kwa lugha za kigeni, kikatupwa pamoja na boksi. Kwa ufupi, chombo kiliingia nyumbani bila mwalimu.

Tena chombo hiki ni cha lazima kwetu kuliko tunavyokiri. Bahari yetu ina misimu. Wakati wa kaskazi maji hutulia na samaki huwa wengi. Wakati wa kusi, kuanzia karibu mwezi wa Aprili hadi Septemba, upepo na mawimbi huwazuia wavuvi wenye vyombo vidogo, na samaki huadimika na kupanda bei. Mwenye akili hununua wakati wa wingi akaweka kwa ajili ya uhaba. Lakini kaskazi hiyo hiyo ndiyo yenye joto kali, na katika mwezi wa Machi si ajabu Mombasa kufikia nyuzi 32 za Selsiasi. Msimu unaotushawishi kuweka akiba ndio unaoiharibu akiba upesi kuliko misimu yote.

Wako watakaonikatiza hapa waseme kwamba samaki wa barafu hana ladha, na kwamba mtu wa Mombasa aliyelelewa akalelewa hamli. Nawaheshimu, ila naomba tutazame sababu ya kukosekana ladha hiyo. Sehemu kubwa ya nyama ya samaki, yapata robo tatu au zaidi, ni maji. Maji yakiganda polepole hufanya chembe kubwa za barafu zenye ncha, nazo huchana kuta za seli. Samaki huyo akiyeyuka, utomvu wake wote hutiririka sahanini na nyama hubaki kama pamba. Maji yakiganda upesi, chembe huwa ndogo na seli hubaki karibu kama zilivyokuwa. Mmarekani Clarence Birdseye alikwenda Labrador, kaskazini mwa Amerika, mwaka 1912, akawaona wenyeji wakivua samaki katika baridi ya nyuzi zipatazo 40 chini ya sifuri. Samaki aliganda mara tu alipotolewa majini, na alipopikwa miezi kadhaa baadaye alikuwa na ladha ya samaki mbichi. Kutokana na aliyoyaona, Birdseye alianzisha katika miaka ya 1920 biashara ya vyakula vinavyogandishwa upesi. Basi lawama ya ladha haistahili kupewa barafu. Inatustahili sisi tunaogandisha polepole.

Na kwa nini tunagandisha polepole? Hapa nawaita walimu wa fizikia wanisaidie. Kilo 1 ya maji yaliyofikia nyuzi 0 ikitaka kuwa barafu, hutoa joto jingi kiasi kwamba lingetosha kuipasha kilo nyingine ya maji ya nyuzi 0 hadi karibu nyuzi 80. Joto hilo lote halina budi kuondolewa na mtambo mdogo ulio nyuma ya friza. Ukiurundikia kilo 12 kwa mara moja, kama nilivyofanya, hauwezi. Vipande vya kando huganda, na vile vya katikati hukaa vuguvugu usiku kucha, bakteria wakiendelea na kazi yao ndani ya kile tunachokiita baridi. Kipimo kinachotolewa na wataalamu ni kutotia zaidi ya kilo 1 hadi 1 na nusu ya chakula kibichi kwa kila lita 28 za friza kwa siku moja. Mwanafunzi akipiga hesabu ataona kwamba friza yangu ya lita 100 ilistahili kilo 3 na nusu hadi 5, nami niliipa zaidi ya maradufu.

Ningependa sasa kueleza utaratibu ambao sisi nyumbani tumeufuata tangu masaibu yale, nao si mgumu wala hauhitaji gharama kubwa.

Kwanza, samaki hununuliwa mwisho wa shughuli zote. Marikiti na leso hutangulia. Samaki akishatiwa kapuni, safari ni ya nyumbani. Kanuni inayokubaliwa na wengi ni kwamba asikae nje ya baridi kwa zaidi ya saa 2, na joto likizidi nyuzi 32, asizidishe saa 1. Tunachukua ndoo yenye mfuniko na barafu. Katika nchi za joto kama yetu, inashauriwa barafu ikaribiane na samaki kwa uzito, nayo ipangwe chini, katikati na juu, siyo konzi moja ya kupamba.

Pili, tunauliza. Dukani, samaki aliyelazwa juu ya barafu nyuma ya kioo si lazima awe mbichi. Huenda aliwahi kugandishwa akayeyushwa ili auzwe. Hilo si kosa, mradi mnunuzi aambiwe. Samaki wa namna hiyo anafaa chungu cha siku hiyo, na kumrudisha kwenye friza ni kumgandisha mara ya pili na kumharibu mara ya pili. Muuzaji mwema hujibu swali hili bila kukunja uso.

Tatu, tunamsafisha mara moja. Anaparwa magamba, anatolewa matamvua na matumbo, kwa kuwa humo ndimo bakteria walimojaa, kisha anaoshwa kwa maji safi ya baridi na kufutwa. Hatumtii chumvi kabla ya kumgandisha, ijapokuwa najua ni desturi ya majiko mengi. Katika samaki wenye mafuta, chumvi huharakisha mafuta kuchacha hata ndani ya barafu. Chumvi na ndimu hungojea siku ya kupika.

Nne, tunamkata vipande vyembamba na kumfunga katika vifurushi vidogo vya mlo mmoja mmoja. Adui hapa ni hewa, ambayo hukausha nyama na kuipa rangi ya kijivu na ladha ya gazeti la jana. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea vitu imepigwa marufuku nchini, nasi hatuisikitikii. Tunatumia vyombo vyenye mifuniko inayobana. Vipande vikishapangwa, tunamimina maji safi ya baridi hadi yavifunike, tukiacha nafasi kidogo juu kwa kuwa maji yakiganda hutanuka. Barafu yenyewe huwa ndiyo kifungio, na hewa haipati njia.

Tano, vyombo hutandazwa vikigusa kuta za friza, wala havirundikwi hadi kesho yake vikiwa vimekwisha kuganda. Kila kimoja huandikwa aina ya samaki na tarehe. Katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, samaki wenye mafuta kama jodari na vibua hubaki wazuri kwa miezi 2 hadi 3, na wasio na mafuta mengi kama changu na tewa huweza kufika miezi 6. Kikongwe hutoka kwanza, kijana husubiri zamu yake.

Sita, kuyeyusha hufanywa ndani ya friji, kuanzia usiku kwa ajili ya mchana wa pili. Mwenye haraka na akiweke chombo kilichofungwa vyema katika maji ya baridi, kisha apike papo hapo. Kumwacha samaki mezani tangu alfajiri hadi adhuhuri ni kurudia lile kapu langu, safari hii ndani ya nyumba.

Yafaa pia msomaji aijue friza yake. Friji nyingi zina nyota zilizochorwa mlangoni mwa kisanduku cha barafu, na wengi hudhani ni urembo. Nyota 1 maana yake ni nyuzi 6 chini ya sifuri, na chakula kilichokwisha kugandishwa hukaa humo wiki moja. Nyota 2 ni nyuzi 12 chini ya sifuri, yapata mwezi mmoja. Nyota 3 ni nyuzi 18 chini ya sifuri, miezi 3. Ni penye nyota 4 tu ndipo palipotengenezwa kwa ajili ya kugandisha chakula kibichi. Mwenye nyota 1 asiweke akiba ya Ramadhani nzima, na kwa kumwambia hivyo hatumdharau, tunamwokolea pesa zake.

Kisha kuna umeme. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilizama gizani, na wengi walikesha wakiwaza juu ya friza zao. Mwaka huo huo giza la namna hiyo lilirudi mwezi wa Novemba na tena Desemba. Zaidi ya hayo, ziko nyumba ambazo tokeni huisha katikati ya mwezi, na wengine huzima friza kila usiku kwa kudhani wanabana matumizi. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa huweza kushikilia baridi kwa yapata siku 2, na iliyojaa nusu kwa siku 1. Friza isiyojaa na ijazwe chupa za maji. Lakini aliyekuwa safarini atajuaje kama umeme ulikatika akiwa hayupo? Hapa pana hila rahisi ninayoipenda sana. Gandisha kikombe cha maji, kisha weka sarafu ya shilingi juu ya barafu yake na ukiache humo daima. Ukirudi ukaikuta sarafu pale pale juu, barafu haikuyeyuka. Ukiikuta katikati au chini ya kikombe, friza ililala bila umeme, na vilivyomo havifai kuaminiwa hata kama vimeganda upya. Shilingi moja hufanya kazi ya mlinzi.

Sisahau kwamba jirani zangu wengi hapa Makupa na Majengo hawana friza. Wamepanga chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, na bajeti yao ni ya siku kwa siku. Kwao hekima ya shangazi bado ndiyo sahihi: samaki asilale nyumbani. Wanunue cha leo, wapike leo, au wamtegemee mama karanga aliyekaanga muda si mrefu. Ila hata wao wanahusika, kwa sababu samaki wanayemnunua jioni huenda alipita katika friza ya mtu mwingine mchana.

Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu iliyotumiwa na baadhi ya wavuvi. Kishindo kilisikika hadi Nairobi. Viwanda na wakaguzi walilazimika kujirekebisha hadi soko likafunguliwa tena. Nakumbusha kisa hicho kwa sababu kinaonyesha kwamba tukitaka tunaweza. Samaki aliyekuwa akienda Ulaya alikuwa na mtetezi mwenye nguvu. Samaki anayekwenda Makupa hana mtetezi ila mnunuzi mwenyewe, na mnunuzi asiyefundishwa hawezi kujitetea.

Ndiyo sababu nawageukia walimu wenzangu. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 uliwahi kuipa Sayansi Kimu nafasi katika shule za msingi, ingawa mara nyingi tuliifundisha ubaoni na kuisahau baada ya mtihani. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika kote nchini mwaka 2019, unadai kwamba mwanafunzi aweze kutenda anachokisoma. Basi tuuchukue kwa neno lake. Mwanafunzi wa Mombasa na aweke nusu lita ya maji katika chupa na nusu lita nyingine katika sahani bapa, avitie vyote viwili kwenye friza, kisha arekodi ni kipi kilichoganda kwanza. Atakuwa amejifunza kwa nini vipande viwe vyembamba. Agandishe nyanya, aiyeyushe, atazame ilivyolegea na kuvuja maji. Atakuwa ameziona seli zilizochanika bila kuhitaji darubini. Atengeneze kikombe cha sarafu na kukipeleka nyumbani. Apige hesabu ya lita na kilo kwa friza ya nyumbani kwao. Shule isiyo na friza yaweza kulifanya zoezi hili kwa ruhusa ya mzazi mmoja au mwenye duka jirani.

Nanyi wanafunzi, msiogope kumfundisha mzazi. Katika jambo hili hamvunji adabu. Kwa kawaida elimu hushuka kutoka kwa mkubwa hadi kwa mdogo, lakini chombo kilichoingia bila mwalimu kitapata mwalimu wake popote atakapopatikana, hata kama ana umri wa miaka 13 na amevaa sare ya shule. Msemeni kwa heshima, mkianza na “shikamoo”, kisha mwonyesheni ile sarafu.

Shangazi yangu alikuja tena kufuturu Ramadhani iliyofuata. Alikaa, akatazama sinia, akaniuliza samaki alinunuliwa saa ngapi. Nilimjibu kwa saa na dakika. Alitabasamu, akasema bismillahi, akala.